Mwaka Jiwe Moja Iliposhuka Daraja

Fabiani alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nanyoa ndevu. Alisema Issa Chilumba, aliyekuwa kipa wetu, amefariki, mazishi ni leo hii baada ya adhuhuri kwao Makote, Newala, na kwamba yeye amekwishatoka Nanganga na gari la shemeji yake, kwa hiyo nivae nimsubiri barabarani. Nilibaki nimeshika wembe, shavu moja lina povu na jingine halina. Sikulia. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa hata sura ya Issa. Lilikuwa swali ambalo nimekuwa nikilizungusha kichwani tangu nina miaka ishirini na sita: sasa nani atatuambia kilichotokea? Kocha alikwisha kufa, katibu alikwisha kufa, Mama Zainabu aliyekuwa akitupikia amezeeka na anachanganya majina ya watoto wake. Habari za kuzaliwa kwangu na za wazee wangu nimeziandika kwingine, na sina haja ya kuzirudia. Hapa nataka kuuandika mwaka mmoja tu, ule ambao Jiwe Moja ya Masasi ilicheza ligi kuu, na niuandike kama nilivyouishi, yaani bila kuuelewa.

Ndani ya gari Fabiani hakunyamaza. Alikuwa mshambuliaji wetu, mwembamba wakati ule kama ufito, leo ana duka la vifaa vya ujenzi na tumbo linalogusa usukani. Tulipoanza kupanda kuelekea Newala, baridi ya juu ikaanza kuingia dirishani, akasema, "Osi, mimi mpaka kesho nasema tulirogwa." Nikamwambia ameanza. "Siyo nimeanza. Nilikuwa nabaki na kipa, mimi na yeye, goli lote liko wazi, mguu unakuwa mzito kama nimefungwa gunia la korosho. Mara moja, sawa. Mara nane?" Nilimuuliza kama alikuwa anarogwa pia kwenye mazoezi, maana kwenye mazoezi alikuwa anafunga hata akifumba macho. Akafikiri, akabadilisha gia. "Hapo ndipo sielewi," akasema. Na mimi hapo ndipo sielewi. Wazee wawili tunapanda mlima kwenda kuzika mwenzetu, na hakuna hata mmoja kati yetu anayeweza kumweleza mwenzake kwa nini watu kumi na mmoja waliojua mpira waliacha kuujua kwa msimu mmoja.

Tulipanda daraja bila kupoteza mchezo hata mmoja nyumbani. Siku ya mwisho watu walitubeba kutoka uwanjani mpaka stendi, wakiimba "Mawe! Mawe!", maana jina la timu lilitokana na haya majabali yaliyouzunguka mji wetu, na walisema goli letu ni jabali, hakuna wa kulitoboa. Ligi kuu ilipokaribia, kamati ikatutafutia kambi, nyumba kubwa ya mfanyabiashara wa korosho iliyokuwa na vyumba vinne, ukumbi mrefu, na ghala nyuma. Harufu ya magunia iliingia kila mahali, mpaka kwenye mashuka. Mimi kama nahodha nilipewa chumba cha mwisho pamoja na Issa. Kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, dirisha moja linalotazama ukuta wa ghala, na misumari ukutani ya kutundikia nguo. Issa alichagua kitanda cha karibu na mlango. Alikuwa mrefu, mikono mipana, si msemaji, Kiswahili chake kikiwa na ule mvuto wa Kimakonde ambao vijana wa mjini walipenda kuuiga na yeye hakujali. Kila kitu chake kilikuwa na mahali pake: viatu chini ya mguu wa kulia wa kitanda, glavu juu ya begi, mswaki kwenye kikombe, kikombe kwenye kona ya dirisha. Siku moja nilisogeza kile kikombe ili nifungue dirisha, akakipapasa pale kilipokuwa, akakasirika kuliko nilivyopata kumwona akikasirika. Nilidhani ni tabia ya makipa. Makipa wana mambo yao.

Mama Zainabu alikuwa akitupikia jikoni uani, kwenye mafiga matatu, ugali wa mahindi uliochanganywa na muhogo, mbaazi zilizoungwa kwa karanga, kisamvu, na Ijumaa pilau. Mara moja moja dada yake Issa, Bi Somoe, alituma kikapu cha ming'oko kutoka Makote, na siku hizo ukumbini palikuwa na furaha. Tulimenya vile viazi vya porini kwa vidole, tukachovya kwenye chumvi na pilipili, Fabiani akisema chakula hiki hakiwezi kumwacha mtu afungwe. Naikumbuka meza ile kuliko ninavyokumbuka mechi. Kocha wetu, Mbaruku, mtu wa Tanga, alikuwa na mazoea ya kutufundisha kwa vyombo baada ya kula. Alipanga vijiko kuwa mabeki, uma kuwa washambuliaji, na kopo la chumvi lilikuwa Issa. Baada ya mechi ya pili, tuliyoipoteza nyumbani kwa bao moja, alisogeza kijiko kimoja mpaka ukingoni mwa meza. "Kijiko hiki ni wewe, Oswadi. Mpira umetoka huku. Mbona kijiko kiko hapa?" Nikakitazama kijiko. Kwa kweli kilikuwa mbali mno. "Sijui, kocha," nikasema. Hakunigombeza. Alikitazama na yeye, akasema, "Na mimi sijui," akakusanya vyombo akampelekea Mama Zainabu.

Ya kwanza tulifungwa mbili ugenini, na hakuna aliyeshtuka. Ya pili ni hiyo ya bao moja. Ya tatu tulitawala mchezo wote, wenzetu hawakuvuka nusu ya uwanja ila mara mbili, na mara zote mbili mpira ukaenda nyavuni. Ya nne tulitoka sare, tukashangilia kama tumechukua kombe. Ya tano tatu bila. Hapo ndipo maelezo yalipoanza kuwa mengi kuliko mabao. Ukipita ukumbini unasikia ni viatu vipya, havijazoea miguu. Ukipita uani unasikia ni mbaazi, zinajaza tumbo upepo. Kwenye kibanda cha chai nje ya kambi nilisikia mzee mmoja akimwambia mwenzake kwamba ni adhabu, kwa sababu tuliruka mambo fulani tulipopanda daraja, na mwenzake akaitikia kana kwamba anayajua hayo mambo. Mama Zainabu alikuwa na lake: "Ninyi siku hizi mnakula kama abiria wanaosubiri gari. Kila mtu jicho mlangoni. Mtu anayekula hivyo atacheza nini?" Mzee mmoja wa kamati akatuamuru tuingie uwanjani kwa tundu la uzio badala ya geti. Tukaingia mmoja mmoja tukiwa tumeinama, na bukta ya Fabiani ikashikwa na seng'enge, ikachanika nyuma toka juu mpaka chini, uwanja mzima ukacheka kabla mpira haujaanza. Siku hiyo tulifungwa tatu nyingine. Watu wakaacha kutuita Mawe. Wakatuita Kokoto.

Katika hayo yote Issa alikuwa kimya, ila kwa jambo moja. Kabla ya kila mechi, tukiwa bado chumbani, aliniambia, "Sema na mimi, Osi. Usinyamaze. Ukinyamaza naona kama niko peke yangu." Nami nilisema naye, nikapiga kelele mpaka koo likakauka: kushoto kwako, mtu nyuma, shuti linakuja. Nilidhani ameingiwa na woga. Ameingiwa na woga kipa wetu, nikajiambia, na nikaificha siri hiyo kwa kumstahi. Niliona mengine pia. Nilimwona akimimina chai mpaka ikafurika mezani. Barua za dada yake aliniomba nimsomee, ingawa alikuwa amesoma kama mimi, akisema mwandiko wa Bi Somoe unamchosha. Tukitembea sokoni watu wa ng'ambo ya barabara walimpungia mkono naye akapita, wakasema ligi kuu imempa kiburi. Niliona yote. Nilikuwa nalala hatua tatu kutoka kwake. Leo nikimsimulia mtoto mdogo mambo haya matatu na kile kikombe atanijibu mara moja, na mimi niliyekuwa nahodha, mtu mzima, sikuyaweka pamoja hata siku moja.

Mwezi wa kumi mabibo yalianza kuanguka, mji ukanuka utamu na uchachu. Siku moja kabla ya mechi ya saba, mchana tukiwa tumepumzika, alikuja mtu kwa pikipiki. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na alikuwa na mfuko wa ngozi begani. Hakuingia ndani. Alimwita Issa, wakasimama nyuma ya jiko, nami nikawaona kwa dirisha la ukumbini. Yule mtu alizungumza muda mrefu, mkono wake begani kwa Issa, kisha akamkabidhi kitu kidogo kilichofungwa kwenye karatasi ya kaki. Issa alirudi chumbani akakiweka chini ya mto. Nikamuuliza, "Nani yule?"

"Mtu wa nyumbani."

"Kakuletea nini?"

"Mambo ya nyumbani, Osi," akasema, akageukia ukutani.

Kesho yake tulifungwa nne kwa moja mbele ya watu wetu. Mabao matatu yalipigwa kutoka mbali, yote mkono wake wa kulia, na Issa hakuruka. Hakuchelewa kuruka. Hakuruka kabisa. Alisimama kama mtu anayesubiri aambiwe kitu. Lakini katikati ya hayo, tukiwa tumeshafungwa mbili, refa akawapa penalti, na Issa akaidaka kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani. Hilo ndilo lililotuchanganya wote. Mtu anayeweza kudaka penalti, mbona anaachia mashuti ya mtoto wa shule? Kwenye majukwaa walipata jibu kabla hatujatoka uwanjani. Wakasema ameuza. Na penalti ile ameidaka ili asijulikane.

Kamati iliitisha kikao Jumatatu asubuhi ndani ya ghala, kwa sababu ukumbi haukutosha. Wazee walikaa juu ya magunia, sisi tukasimama. Katibu, Mzee Mponda, mtu mpole aliyekuwa akituita wanangu, alisema hakuna anayeshutumiwa, anachotaka ni kujua tu kama kuna mtu ameona jambo. Mmoja wa wazee akasema nahodha analala chumba kimoja na kipa, nahodha atakuwa na la kusema, au naye ana lake. Yale maneno, au naye ana lake, ndiyo yaliyonifungua mdomo. Maana mimi pia nilikuwa nimechelewa mara nyingi msimu ule, na kile kijiko cha kocha kilichokuwa ukingoni mwa meza kilikuwa mimi. Nilikuwa nikisikia minong'ono inanizunguka, nikaiona inapata pengine pa kukaa. Nikasema. Sikusema ameuza, Mungu anajua. Nilisema nilichoona: mtu wa pikipiki, nyuma ya jiko, karatasi ya kaki, chini ya mto. Kila neno lilikuwa kweli. Nimeishi miaka yote hii nikijua kwamba kila neno lilikuwa kweli.

Mzee Mponda akamgeukia Issa. "Mwanangu, kwenye karatasi kulikuwa na nini?"

Issa akasema, "Dawa."

Ghala likavuma. Mtu akacheka, mwingine akasema astaghafirullahi. "Dawa gani?" Katibu akauliza. "Ya timu, au ya kutumaliza?"

"Dawa yangu."

"Ya ugonjwa gani? Mbona kocha hana habari?"

Issa akainamisha kichwa. Nilimwona akifungua mdomo, nikaona kabisa kwamba kuna kitu kiko tayari kutoka, kisha akaufunga. "Yangu," akasema tena. Basi. Hawakwenda hata kuitazama hiyo dawa. Kocha Mbaruku peke yake alisema tusubiri, tuichunguze, lakini naye mechi sita alizopoteza zilikuwa zimempunguzia sauti. Kabla ya mchana Issa alikuwa amefunga begi. Mama Zainabu alimfungia ugali na samaki mkavu kwenye jani la mgomba, huku akiwasema wazee kwa sauti ya juu bila kuwataja majina. Mimi nilisimama mlangoni mwa chumba, jua likiwa mgongoni kwangu, sikujua kama nimpe mkono au nimpishe. Issa alikuja mpaka hatua mbili mbele yangu, akasimama, akasema, "Osi, uko wapi?"

Nilikuwa mbele yake. Sikujibu. Niliona ananidhihaki, ananiambia kwamba rafiki aliyemjua hayupo tena, na niliona ana haki ya kunidhihaki. Nikasogea pembeni. Akapita, bega lake likanigusa, akaenda.

Sasa hapa ndipo watu wanaponiuliza, halafu mkaanza kushinda? Hatukuanza kushinda. Kipa wa akiba, Rajabu, kijana mwepesi mwenye macho ya mwewe, alifungwa tatu mechi yake ya kwanza na mbili mechi ya pili. Wafungaji wetu hawakufunga. Mimi nilijifunga mwenyewe kwa kichwa, katika mechi ambayo sikuwa na mtu hata mmoja karibu yangu. Mpira ulikuja, nikauona vizuri, nikajiambia utoe kona, na kichwa kikaupeleka kwingine. Mvua zilipoanza tulikuwa tunasafiri siku mbili kwenda Dar es Salaam, gari likikwama kwenye matope, tukisubiri kivuko cha Rufiji pamoja na malori ya nazi, na kwenye foleni ile ndefu hakuna aliyezungumza habari ya mpira. Tulishinda mechi moja tu msimu mzima, huko ugenini, dhidi ya timu iliyokuja kuchukua ubingwa. Tuliwafunga mbili bila. Kocha aliingia chumba cha kubadilishia nguo akakaa kwenye benchi akatutazama kana kwamba tumemtukana. "Hivi," akasema, "mmefanyaje?" Wiki iliyofuata tulifungwa na timu ya mkiani, na mwezi wa tatu tukashuka daraja.

Siku ya kurudi tulijiandaa kwa matusi. Fabiani alisema tushukie kabla ya mji tutembee kwa njia za mashambani. Lakini tulipofika stendi watu walikuwa wamesimama kimya, wakatupa mikono mmoja mmoja. "Poleni," wakasema, kama tunavyosema msibani. "Poleni sana." Bibi mmoja nisiyemjua alinishika viganja vyote viwili. Ningependelea wanitukane. Siku ile ile Kocha Mbaruku aliniaga mbele ya ile nyumba ya kambi. Alisema amefundisha mpira tangu nywele zake nyeusi, na kila timu iliyoshindwa alijua ilishindwa kwa nini, hii peke yake hajui. "Tulimfukuza yule mtoto," akasema, "tukasema tumepata sababu. Tungekuwa tumeipata tungeshinda." Akapanda gari la Mtwara. Sikumwona tena. Na mimi nikaoa, nikaajiriwa chama cha ushirika, nikazaa, nikastaafu. Issa nilisikia yuko kwao. Kisha nikasikia haoni. Mtu aliyeniambia alilisema kama habari ya kawaida, huku tukisubiri zamu kwenye mashine ya kusaga, na mimi niliitikia, nikabeba unga wangu nikaenda nyumbani, na njiani nikaanza kuhesabu: chai, barua, sokoni, kikombe. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza kwa nini nimesimama uani na unga kichwani. Hiyo ni miaka mingi iliyopita. Hata baada ya hapo sikupanda kwenda kumwona.

Makote tulifika wakati jeneza linatolewa. Tulizika. Mimi si Mwislamu, lakini nilitupa udongo kama wengine, na Fabiani, mtu wa kanisani kwetu, alilia kwa sauti mpaka watoto wakamtazama. Baadaye, wakati wanaume wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, nilimtafuta Bi Somoe. Nilimkuta nyuma ya nyumba na wanawake wawili, wanachagua mchele wa chakula cha msiba. Amekuwa mkongwe, mgongo umepinda, ila mikono inakwenda haraka. Nikachuchumaa. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani?"

"Oswadi. Wa Masasi. Nilicheza na Issa."

Akaacha mchele. Wale wanawake wawili wakanitazama, kisha wakanyanyua ungo wao wakasogea mbali kidogo. Nikamwambia yote, kuanzia pikipiki mpaka ghala, kwa mfululizo, kama mtu anayetapika. "Yule wa pikipiki alikuwa mume wangu," akasema. "Alikuwa anafanya kazi zahanati ya misheni. Ilikuwa dawa ya matone. Presha ya macho. La kulia lilikuwa limeshakufa, hilo la kushoto ndilo tulikuwa tunalipigania."

"Mbona hakusema? Angesema siku ile ile—"

"Nilimwambia aseme. Mume wangu alimwambia aseme, ndicho alichokuja kumwambia. Alisema akisema atarudishwa nyumbani, na akirudi nyumbani atakuwa kipofu. Akibaki golini ni kipa. Alisema ana beki anayemwonea, anayemwambia mpira unatoka wapi."

Nikamuuliza lile lililonileta. "Alinisamehe?"

Bi Somoe alitikisa ungo mara moja, mbili, akaokota jiwe akalitupa. "Hilo ni lake, na tumemzika saa nane," akasema. Hakuwa na hasira. Kisha akauliza, kwa uchovu wa mtu aliyefiwa: "Kutoka Masasi mpaka hapa ni mwendo wa saa ngapi, baba?"

"Mbili. Gari likikawia, tatu."

"Na alikaa pale kibarazani kila siku ya Mungu. Mbona hukuja ukamuuliza?"

Nilifungua mdomo nimpe sababu. Nilitafuta ya aibu, nikaona haitoshi, kwa maana aibu humzuia mtu mwaka mmoja au miwili. Nikatafuta ya kazi, ya barabara mbovu, ya watoto. Hakuna iliyosimama. Ilikuwa kama kutazama lile bao nililojifunga: niliuona mpira vizuri, nilijua pa kuupeleka. "Sijui, dada," nikasema. Akanisogezea ungo. "Chagua basi, macho yangu nayo siku hizi si mazuri," akasema. Nikachagua mchele mpaka jua likapungua. Katikati ya kazi aliniuliza kama mimi ndiye niliyependa ming'oko yake. Nikamwambia yule alikuwa Fabiani.

Fabiani alikuja kuniita, akasema shemeji yake anataka gari. Nilimwambia atangulie, mimi nitakaa mpaka waanue matanga. Aliniuliza nitalala wapi na nguo sina. Nikamwambia watu watanionyesha. Alisimama akizungusha funguo kidoleni, nikadhani ataanza tena habari ya kurogwa. Badala yake akavua sweta lake akanipa, akaondoka. Nikaenda kuketi na wanaume kwenye mkeka. Ubaridi wa Newala ulikuwa umeanza kushuka, kahawa inapita, watu wanazungumza bei ya mbaazi na maji yaliyokatika bombani. Jirani yangu, mtu wa makamo, alinipa kikombe akaniuliza kwa adabu, kama inavyopaswa kumwuliza mgeni aliyebaki baada ya wageni kuondoka, "Mzee wangu, wewe kwa marehemu ni nani?"

Nilifikiri niseme rafiki, nikaliona neno hilo sina haki nalo. "Nilikuwa nacheza mbele yake," nikasema.

"Mbele yake wapi?"

"Golini. Alikuwa kipa wetu. Ligi kuu."

Yule mtu akaweka kikombe chini, akatazamana na wenzake. Hawakuwa na habari. Walikuwa wamekaa na Issa maisha yao yote pale kijijini, wamemshika mkono kumpeleka msikitini, wamemsukia mkeka, na hakuwa amewaambia. "Issa huyu?" akasema mmoja. "Issa alicheza mpira?" Wakasogea, na mwingine akaita watu wa mkeka wa pili waje kusikiliza. Nikavaa sweta la Fabiani, nikaanza kuwaeleza, tangu siku tuliyopanda daraja, na safari hii sikuruka sehemu ya ghala na niliyoyasema mle.